Walio Ngamani Ndio Waonao Maji Kwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani ni la wakubwa peke yao, nalo ni namna serikali ya kijiji na serikali kuu zipasavyo kusaidiana katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Tutalitazama jambo hili kutoka Ushongo, maana huko athari yake yaonekana kwa macho, wala haihitaji darubini.

Kusini ya mto Pangani, katika mkoa wa Tanga, ndiko iliko Ushongo. Mbele yake ni bahari, nyuma yake minazi na mashamba. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na siku hizi wako pia vijana wapatao riziki katika mahoteli ya wageni yaliyo ufukoni. Ukitoka hapo kwa chombo maji yanapokupwa, utalikuta baharini fungu jeupe la mchanga. Hilo ndilo Maziwe.

Leo Maziwe ni fungu tu, na maji yakijaa hufunikwa lote. Lakini zamani haikuwa hivyo. Maziwe ilikuwa kisiwa chenye miti, mivinje imesimama juu yake, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kisiwa hicho kuwa hifadhi ya bahari. Haikupita hata miaka kumi baada ya tangazo hilo, miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimeliwa na maji. Miti iliyokatwa iliuacha mchanga bila ya mizizi ya kuushika, na bahari nayo ilikuwa yapanda. Mzee wa pwani hii aliyepita miaka 60 huenda alikiona kisiwa hicho kwa macho yake. Mjukuu wake akisimuliwa habari hiyo hudhani ni hadithi ya Abunuwasi.

Tuitafakari habari hii. Tangazo lilikuwapo, lakini kisiwa hakikukaa. Amri ya kuhifadhi ilitoka juu, na yaliyokuwa yakikila kisiwa yalikuwa huku chini: shoka, na wimbi. Amri isiyo na mkono wa kuitimiza mahali penyewe haizuii shoka wala wimbi.

Hata hivyo, Maziwe imetuachia na funzo jema. Kasa hawakuliacha fungu lao. Bado hupanda kutaga, kila kiota aghalabu mayai 100 na zaidi, na mayai hayo yangeachwa hapo yangeharibiwa na maji yakijaa. Kwa hiyo watu wa pwani waliofunzwa kazi hiyo huyachukua kwa uangalifu, huyavusha mpaka Ushongo, huyafukia katika mchanga wa juu na kuyalinda muda wa miezi miwili hivi mpaka vitoto vitoke na kukimbilia baharini. Katika kazi hii imo sheria ya nchi ya mwaka 1994 juu ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Imo jumuiya iitwayo Sea Sense. Na yumo mwanakijiji apigaye magoti mchangani. Akikosekana mmoja katika hao, kasa hapati kizazi. Na vijana wetu wajue pia kwamba joto la mchanga ndilo liamualo kasa atakayezaliwa awe dume au jike. Mchanga ukizidi joto huzaliwa majike watupu, na ukizidi zaidi mayai hufa. Basi hata aliyeokolewa na maji bado yu katika hatari ya joto.

Mtume wetu (S.A.W.) ametupigia mfano ambao Imam Bukhari ameupokea kwa njia ya Nu'man bin Bashir (R.A.). Ni mfano wa watu waliopigiana kura katika chombo, wengine wakapata kukaa juu na wengine chini. Wale wa chini wakawa kila watakapo maji hawana budi kupita kwa wale wa juu. Wakaona wanawaudhi, wakashauriana watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wapate maji bila ya kumsumbua mtu. Mtume (S.A.W.) akatufunza kwamba wakiachwa wafanye watakavyo, wataangamia wote, na wakishikwa mikono, wataokoka wote.

Mfano huu tumezoea kuusikia misikitini katika habari ya kukatazana maovu, na hiyo ndiyo maana yake. Lakini sisi watu wa pwani, tuliozaliwa na vyombo, twaweza kuona mambo mawili zaidi ndani yake. La kwanza, wale wa chini hawakutoboa kwa ujeuri tu. Walikuwa na haja, nayo ni maji. Mwenye kuwashika mikono na asiwape maji hakumaliza kazi yake. La pili, kila baharia ajua kwamba chombo kikianza kuvuja, aliye ngamani ndiye aonaye maji kwanza. Nahodha aliyeketi tezi miguu yake bado mikavu. Asipomsikiliza wa ngamani, atayajua maji yatakapomfikia mwenyewe, na hapo hakuna tena la kufanya.

Basi nchi yetu ni chombo hicho. Serikali kuu iko juu, kijiji kiko chini. Na tuseme kweli: katika jambo hili la joto la dunia, waliotoboa zaidi si wa Ushongo wala si wa Tanzania. Ni mataifa makubwa yaliyochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka 150. Sehemu ya Tanzania katika moshi huo haifiki hata moja katika mia. Lakini maji hayaulizi nani aliyetoboa.

Sasa tutazame ni mambo gani kijiji hakiyawezi peke yake. Mfano ulio wazi ni mto wenyewe. Mto Pangani huanzia katika milima ya Kilimanjaro na Meru, ukasafiri kilomita 500 hivi mpaka baharini. Njiani maji yake hunywesha mashamba, huzuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, na hugeuza mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Yanayobaki ndiyo yafikayo Pangani. Maji matamu yanapopungua mtoni, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini yakaingia mashambani mwa watu, minazi ikanyauka na mpunga ukafa. Je, mwenyekiti wa kijiji cha pwani aweza kumwamuru mkulima wa Moshi afunge mfereji wake? Hawezi. Hilo ni la serikali kuu, na kwa ajili hiyo iko Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake ilianzishwa mwaka 1991. Kadhalika ukuta wa kuzuia bahari haujengwi kwa michango ya harambee. Mjini Pangani umejengwa ukuta wa namna hiyo chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais kwa fedha za mfuko wa dunia, na nyingine zimejengwa Dar es Salaam, na Kisiwa Panza huko Pemba. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekwisha kufika penye ukuta, na ukuta ni ghali.

Upande wa pili, yako mambo ambayo serikali kuu haiyawezi bila ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Sheria nzuri. Lakini aliyeko Dodoma haioni kamba ya kupimia kiwanja cha ufukoni. Anayeiona ni mjumbe wa kijiji. Mikoko nayo ni msitu wa serikali kuu, na Wakala wa Huduma za Misitu ndio wenye dhamana yake. Lakini usiku shoka linaposikika mtoni, yupi alisikiaye? Hata kupanda mikoko kwataka wenyeji. Mara ngapi tumeona katika pwani zetu miche ikipandwa kwa sherehe mahali pasipo pake, ikafa yote kabla ya mwaka! Mvuvi wa mtoni angeulizwa angesema: hapa ni pa mchu, pale ni pa mkoko, na kule pa mkandaa, na hapa kwenye wimbi, bwana, usipande kitu.

Na liko jambo la tahadhari, ambalo ni la roho za watu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikuja pwani yetu, kikapiga upande wa Mafia, na mvua yake ikakata barabara ya kwenda Lindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa habari mapema. Lakini habari iliyotoka Dar es Salaam haimfai mvuvi aliyekwisha kutweka tanga saa kumi ya alfajiri. Lazima iwe na mwisho wa safari yake: simu ya mtendaji wa kijiji, kipaza sauti cha msikiti, kijana wa kukimbia pwani. Hapo ndipo serikali kuu humalizikia, na akina sisi huanzia.

Wako wasomaji watakaouliza, je, kijiji kina mamlaka gani hasa? Jibu ni kwamba kinayo, na si kidogo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa katika Tanzania Bara, na mambo yote yakawa ya kupangwa na maofisa kutoka juu. Uzoefu ulionyesha kwamba jambo hilo halikufaa, na kwa sheria za mwaka 1982 zikarudishwa. Hata Katiba ya nchi ikazitambua. Tangu hapo kijiji kina halmashauri yake yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na juu yake uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, ni mjumbe wake. Kijiji chaweza kutunga sheria ndogo, nazo zikikubaliwa na halmashauri ya wilaya zina nguvu kamili. Na ile sheria ya mazingira ya 2004 imeweka kamati za mazingira tangu taifa mpaka kijiji. Ngazi imekwisha kujengwa. Tatizo ni kwamba wapandao ni wachache.

Mkoa wa Tanga wenyewe una ushahidi kwamba ngazi hii yapandika. Kuanzia mwaka 1994 ulikuwako mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga, uliosaidiwa na serikali ya Ireland na shirika la IUCN. Wilaya za Pangani na Muheza na mji wa Tanga zilikaa pamoja na wavuvi wa vijiji, wakagawanya bahari katika maeneo ya usimamizi wa pamoja, moja likiwa la Boza hadi Sange hapa Pangani, wakakubaliana wapi pafungwe na wapi pavuliwe, na nani alinde. Hapakukosekana taabu, baruti ilirudi tena baharini baada ya kukomeshwa, na mpango ulipokwisha fedha zilipungua. Lakini ilidhihirika kwamba mvuvi akishirikishwa katika kuipanga sheria, huwa mlinzi wake wa kwanza.

Basi penye upungufu ni wapi? Twaona ni penye fedha. Kijiji huandika mpango wake, mpango ukapanda wilayani, mkoani, TAMISEMI, mpaka Hazina. Ukipanda huwa mnene. Fedha zikishuka huwa nyembamba. Kwa hiyo tumefurahi kusikia majaribio yaliyofanywa Longido, Monduli na Ngorongoro, ambako wananchi katika tarafa zao walipewa nafasi ya kuchagua wenyewe kazi za kukabiliana na ukame, na fedha zikafuata uchaguzi wao. Jirani zetu wa Kenya walianza Isiolo, kisha kaunti ya Makueni ikatunga kanuni za mfuko wake mwaka 2015, na tangu 2021 uko mpango wa kuzifikia kaunti zote 47. Na huko Dubai, Desemba 2023, serikali za nchi zaidi ya 60 ziliahidi kupanga na kugharimia kazi hii pamoja na serikali zao za chini. Ahadi ni deni, na Muislamu ajua uzito wa deni.

Huenda mtu akasema: mambo haya ya kamati na fedha yana uhusiano gani na dini? Tunamjibu kwamba Mwenyezi Mungu ameyatukuza mashauriano hata iko sura nzima katika Qur-ani Tukufu iitwayo Ash-Shura. Na tukumbuke vita vya Khandaq. Maadui walipokuja kuuzunguka mji wa Madina, shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman Mfursi (R.A.), mtu mgeni asiye na kabila pale mjini. Mtume (S.A.W.), naye ni mkuu wa dola, alilipokea shauri hilo, kisha akashuka mwenyewe akachimba pamoja na watu, vumbi limemfunika. Hiyo ndiyo serikali kuu na serikali ya chini kufanya kazi pamoja.

Na kuna habari ya Sayyidna Umar (R.A.) ambayo kila mwenye kulinda msitu au bahari angepaswa kuijua. Yalikuwako malisho yaliyohifadhiwa na dola, yakiitwa hima. Sayyidna Umar alimweka mtumwa wake huru, jina lake Hunayy, kuyasimamia. Akamwusia awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mgumu kwa matajiri, akawataja Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan (R.A.), juu ya ukubwa wa daraja zao. Sababu yake ilikuwa kwamba tajiri wanyama wake wakifa anayo mashamba na mitende ya kurudia. Lakini maskini wake wakifa, atakuja mlangoni pa Khalifa na watoto wake. Tazameni hekima hiyo! Hifadhi ilikuwapo, na sheria ilikuwa kali. Lakini ilijua nani ana njaa. Fungu la bahari likifungwa, basi yule mwenye dau dogo na mshipi mmoja afikiriwe kabla ya mwenye mashua kubwa. Mama akikatazwa kuni za mikoko, basi aonyeshwe nishati nyingine. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, yatarajiwa watu 80 katika kila 100 waifikie. Jambo jema, lakini mtungi wa gesi ukiisha kijijini na duka la kuujaza liko ng'ambo ya mto, mama huyo atarudi kwenye mikoko, wala hatuwezi kumlaumu. Huyo ni yule wa chini atakaye maji.

Sasa turudi kwetu wenyewe, maana si haki kuwalaumu wakubwa na sisi tumelala. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Ni wangapi wetu tuuhudhurio? Twajaza uwanja siku ya mpira, na siku ya mkutano waonekana wazee wanane chini ya mwembe. Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti na wajumbe. Je, tangu siku ile tumewauliza nini? Uongozi ni amana, na kuuliza nako ni amana. Asiyeuliza amesaidia kuipoteza.

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu wa Ushongo na wa pwani yote mambo manne. Kwanza, kila nyumba itoe mtu wa kwenda mkutanoni, na mama wa nyumba asiachwe nyuma, kwani yeye ndiye ajuaye kisima kilipoanza kuwa na chumvi. Pili, vijana waliosoma waandike: wapime kila mwaka ufuo umerudi hatua ngapi kutoka mnazi fulani au ukuta fulani, na waweke hesabu hiyo katika daftari la kijiji. Kilio kisichoandikwa hakipandi ngazi. Lakini daftari la miaka mitano hata waziri atalisoma. Tatu, misikiti yetu iwe kituo cha tahadhari za bahari, na imamu na mtendaji wa kijiji wajuane kwa simu. Nne, tupande na tulinde. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Muislamu akipanda mti, kila alacho ndege, mtu au mnyama kutokana nao ni sadaka yake, na kwamba hata Kiama kikimkuta mtu na mche mkononi, naye aweza kuupanda, basi na aupande.

Na kwa walio juu twasema kwa heshima: sikilizeni sauti itokayo ngamani. Yule asemaye kutoka Ushongo kwamba maji yanaingia si mkorofi, wala si mpinzani wa nahodha. Yu katika chombo kimoja nanyi, na miguu yake imekwisha kulowa.

Maziwe hairudi. Lakini mchanga wa Ushongo bado upo, na kasa bado waletwa kuzaliwa hapo. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye masikio na raia wenye ndimi, azilinde pwani zetu na watu wake, na asitufanye sisi kuwa wale waliokiona chombo kikitobolewa wakanyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.